Sungura Jike wa Nyumbani: Atolewe Kizazi au Aachwe?

Mfugaji wa sungura wa nyama hana haja ya kuumiza kichwa na swali hili. Jike wake huzaa mfululizo kwa miaka miwili au mitatu, kisha huuzwa au huchinjwa, na nafasi yake huchukuliwa na binti yake. Lakini sungura aliyepewa jina na kushinda sebuleni na watoto anaweza kufikisha miaka minane hadi kumi, na wengine huipita. Ni katika miaka hiyo ya ziada ndipo kizazi chake kinapoweza kumgeukia.

Nitoe jibu langu mapema. Jike mwenye afya, asiyekusudiwa kuzaa, aliye kati ya miezi sita na miaka miwili, ni vyema atolewe kizazi, alimradi amepatikana daktari anayewajua sungura. Sharti hilo la mwisho lina uzito sawa na ushauri wenyewe.

Sababu kubwa ni saratani ya mfuko wa uzazi, inayowapata sungura majike kuliko saratani nyingine yoyote. Mtafiti wa Marekani Harry Greene aliieleza kwa kina katika miaka ya 1930 na 1940, na waliomfuata walikuta kwamba kinachoileta hasa ni umri. Chini ya miaka miwili ni nadra. Baada ya miaka minne, katika baadhi ya koo, zaidi ya nusu ya majike hukutwa nayo. Wapo wanaoamini kwamba jike akizaa japo mara moja atakuwa salama. Si kweli, waliozaa huugua kama wasiozaa.

Ubaya wa saratani hii ni ukimya wake. Uvimbe hukua polepole kwa miezi mingi, sungura akiendelea kula na kuruka kama kawaida, hadi seli zake zinaposafiri kwa damu na kutua mapafuni. Mara nyingi dalili ya kwanza mwenye sungura anayoiona ni damu kwenye mkojo, na hapo ndipo wengi huchanganyikiwa, kwa kuwa mkojo wa sungura mzima pia unaweza kuwa wa rangi ya chungwa au mwekundu kutokana na majani aliyokula. Mkojo wa namna hiyo huwa na rangi moja tangu mwanzo hadi mwisho. Damu ya kizazi aghalabu huja mwishoni mwa mkojo, au huacha matone na mabonge sakafuni. Usikisie, kipimo cha karatasi cha mkojo hutoa jibu kwa dakika chache. Na kwa kuwa sungura hapati hedhi, damu ikithibitika lazima itafutiwe chanzo.

Sababu ya pili ni tabia. Jike hutoa mayai baada ya saa kama 10 tangu apandwe, na hata kupandwa na jike mwenzake kunatosha. Hapo huweza kuingia mimba bandia ya siku 16 hadi 18. Utamwona akikusanya nyasi mdomoni na kuzipeleka kwenye kona, kisha akijing'oa manyoya ya kifuani na tumboni na kuyatandika juu yake. Ukitia mkono, anakoroma na kukurukia kwa miguu ya mbele. Akitolewa kizazi mambo hayo hukoma, na wengi hupungua ukali na kuzoea upesi kujisaidia mahali pamoja. Ila woga uliotokana na kushikwa vibaya hautibiwi kwa kisu.

Kama nyumbani kuna dume, jambo lina haraka zaidi. Mimba huchukua siku 31 hivi, na jike anaweza kushika nyingine siku ileile aliyozaa. Kumhasi dume ni upasuaji mdogo na kunazuia watoto, ingawa inabidi atengwe kwa wiki nne hadi sita baada ya hapo, maana mbegu hubaki kwenye mirija. Lakini kumhasi dume hakumkingi jike na saratani.

Sasa upande wa hatari. Utafiti mkubwa uliofanyika Uingereza kati ya 2002 na 2004, katika hospitali za wanyama zaidi ya 100, ulionyesha kwamba sungura wenye afya waliokufa kutokana na nusukaputi walikuwa asilimia 0.73, yaani mmoja kati ya kila 137 hivi. Kwa mbwa wenye afya ilikuwa asilimia 0.05. Tofauti hiyo si ndogo, na mwenye sungura ana haki ya kuambiwa kabla ya kutia saini. Jambo jingine la kuzingatia ni kwamba vifo vingi vya sungura vilitokea baada ya upasuaji, mnyama akiwa ameshatoka mezani. Ndiyo maana uangalizi wa baadaye unaokoa maisha sawa na ufundi wa mkono.

Umri nao una nafasi yake. Jike anavyozeeka na kunenepa, mafuta hujaa kwenye utando unaoshikilia mfuko wa uzazi, mishipa ya damu ikafichika humo, na kazi ya dakika chache ikawa ndefu na ya hatari.

Kabla ya kukubali, muulize daktari. Je, amewahi kuwatoa sungura kizazi, na mara ngapi? Je, atampa dawa ya maumivu kabla na baada? Atamwekaje katika joto linalofaa mpaka azinduke? Na umuulize kuhusu kufunga kula. Akikwambia sungura alale njaa kama mbwa, tafuta daktari mwingine. Sungura hawezi kutapika, na utumbo wake ukikaa mtupu husimama kufanya kazi. Ukipewa antibaotiki za kumpa nyumbani, hakikisha si amoksilini wala dawa nyingine ya jamii ya penisilini ya kunywa, kwa sababu huua bakteria wema wa utumbo na huweza kumuua sungura mwenyewe. Wanaoishi Mombasa, Tanga au Dar es Salaam wampeleke alfajiri, maana joto la mchana garini ni hatari ya peke yake.

Akirudi nyumbani, muweke ndani, mahali pakavu na patulivu, juu ya taulo safi. Mpe nyasi kavu, majani anayoyapenda na maji kwenye bakuli. Usiku huo hesabu mavi yake. Zikipita saa 12 bila kula wala kutoa mavi, au akikaa amejikunyata huku akisaga meno, mpigie daktari saa hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane. Asivishwe kola ya shingoni bila sababu nzito, kwa kuwa sungura hula mavi yake laini moja kwa moja kutoka mkunduni, na akikosa kuyafikia hukosa lishe yake.

Na kama hapo ulipo daktari wa namna hiyo hayupo? Usimkabidhi kwa mtu anayekwenda kujaribu. Mtenge na madume, mpime uzito kila mwezi, kagua chuchu na mkojo wake, na kuanzia miaka miwili daktari ampapase tumbo kila baada ya miezi sita. Uvimbe ukigunduliwa kabla haujafika mapafuni, upasuaji bado unaweza kumponya, na hapo safari ndefu kwenda kwa mtaalamu ina faida. Lakini mwenye daktari mzuri karibu na sungura wa miezi sita mkononi asingoje damu.