GPS ya Bei Nafuu kwa Mwendeshaji wa Bodaboda

Mwaka huu nimeonelea niandike juu ya jambo linalogusa karibu kila nyumba, nalo ni jinsi mwendeshaji wa bodaboda anavyoweza kupata GPS ya kumwonyesha njia bila kutumia pesa nyingi. Huenda wengine wakasema hayo ni mambo ya matajiri na watalii. La hasha! Sehemu kubwa ya GPS hailipiwi hata senti moja, na simu kuukuu iliyosahauliwa kwenye droo yaweza kuifanya kazi hiyo vizuri sana.

Kwa nini mwendeshaji aihitaji?

Jina bodaboda lilitokea kule Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, ambako watu walivushwa kwa baiskeli. Mwaka 2008 serikali yetu iliondoa kodi ya VAT kwa pikipiki zenye injini ndogo ya chini ya cc 250, na tangu hapo pikipiki zimejaa kila steji, mjini na mashambani.

Shida ni kwamba nyumba nyingi hapa nchini hazina nambari na njia nyingi hazina majina. Mteja akipiga simu husema hivi: "Ukipita kanisa utaona duka la kijani, kata kushoto, halafu ingia lango la pili." Mchana maneno hayo yanaeleweka. Usiku je? Duka limefungwa, rangi ya kijani haionekani, na malango yote ni meusi. Kama ni chakula kinachopelekwa, kitapoa tu. Lakini kama ni mama mjamzito aliyeshikwa na uchungu, dakika 20 za kuzungukazunguka gizani si mchezo. Isitoshe, kila kilomita ya kupotea ni petroli, na petroli ni pesa ya mwendeshaji mwenyewe.

GPS hufanyaje kazi?

Wahenga walisema, ukiona vyaelea, vimeundwa. GPS ni mfumo wa setilaiti za Marekani. Mpango wake ulianza mwaka 1973, setilaiti ya kwanza ikarushwa mwaka 1978, na mfumo mzima ukawa tayari mwaka 1995. Hapo mwanzo raia wa kawaida walipewa mawimbi yaliyoharibiwa makusudi, hata kosa likafika mita 100 hivi. Mwezi wa Mei 2000 Rais Clinton aliamuru jambo hilo likome, na ndiyo sababu leo simu ya kawaida yaweza kujua mahali ilipo kwa kosa la mita 5 hivi, mradi anga iwe wazi.

Setilaiti hizo huzunguka dunia zikiwa juu kiasi cha kilomita 20,200. Kila moja hutangaza wakati wote mambo mawili: saa ni ngapi, na yenyewe iko wapi. Simu husikiliza tangazo hilo na kupima limechelewa kwa muda gani. Kwa kuwa mawimbi hayo husafiri kwa kasi ya mwanga, yaani kilomita 300,000 kwa sekunde, simu hupiga hesabu na kujua umbali. Setilaiti tatu zatosha kuonyesha mahali, lakini saa ya simu si sahihi kama za setilaiti. Ikikosea kwa sehemu moja tu ya milioni ya sekunde, hesabu inapotea kwa mita 300! Kwa hivyo setilaiti ya nne huhitajika ili kurekebisha saa. Siku hizi simu nyingi husikiliza pia setilaiti za Urusi, Ulaya na China.

Sasa hapa pana jambo ambalo watu wengi hawalijui. Simu husikiliza setilaiti tu, haizipigii, jinsi redio isivyompigia mtangazaji. Haihitaji bando, haihitaji kredo, haihitaji hata laini. Kinachohitaji bando ni ile picha ya ramani, nayo yaweza kuwekwa mapema. Mimi na kaka yangu, ambaye ni mwendeshaji, tuliitoa laini kwenye simu yake ya zamani, tukaweka ramani, tukaenda nayo hadi sokoni na kurudi. Ile alama ya buluu ilitufuata kila kona.

Tuchague kifaa gani?

Kuna njia tatu.

Ya kwanza ni kununua kifaa maalum cha pikipiki. Kampuni ya Garmin, kwa mfano, ilitoa kifaa kiitwacho zūmo XT mwaka 2020 kwa bei ya dola 500 hivi kule Marekani. Ni kizuri kweli: hakiogopi mvua, kinaonekana juani, na unaweza kukigusa ukiwa umevaa glavu. Lakini kwa mtu anayelipa mkopo wa pikipiki, pesa hizo ni heri zinunue magurudumu, kofia ngumu na karo ya watoto.

Ya pili ni kutumia simu yako ya kila siku. Hii haina gharama mpya ya kifaa, lakini ina hatari. Simu hiyo ndiyo yenye M-Pesa, nambari za wateja na picha za familia. Ukiifunga kwenye usukani inakaa mbele ya macho ya wanyakuzi. Aidha, mtetemo wa injini si rafiki wa simu. Mwezi wa Septemba 2021 kampuni ya Apple ilitangaza kwamba mtetemo mkali wa pikipiki waweza kuharibu kamera za baadhi ya iPhone, kwa sababu ndani yake mna vipande vidogo vinavyosogea ili kutuliza picha. Yaani simu ya bei ghali ndiyo yenye kuumia zaidi!

Ya tatu, na ndiyo ninayoipendekeza, ni simu kuukuu ya kupangusa isiyo na laini. Kamera yake ikiwa imekufa, si hoja. Spika ya kupokelea simu ikiwa haisikiki, si hoja pia. Inayotakiwa ni kioo kinachosomeka, betri inayokaa, nafasi ya gigabaiti moja au mbili, na GPS inayofanya kazi. Simu ya M-Pesa ibaki mfukoni, ndani ya koti, zipu imefungwa. Hii ya usukani hata ikinyakuliwa, mwizi hataondoka na akiba yako.

Kama utainunua mkononi mwa mtu, usikimbilie bei tu. Omba risiti. Bonyeza *#06# uone kama nambari inayotokea ni ile iliyo kwenye risiti au boksi, maana simu ya wizi yaweza kukupeleka kituoni. Kisha nenda nayo nje, mahali pasipo na paa wala miti, ufungue ramani. Bila intaneti, mara ya kwanza yaweza kuchukua dakika moja au zaidi kabla haijajua iliko. Ngoja, haraka haraka haina baraka. Lakini ikikaa robo saa uwanjani bila kujipata, mrudishie mwenyewe simu yake.

Ramani isiyokula bando

Google Maps hukubali upakue eneo fulani ukiwa kwenye waifai, kisha ulitumie bila intaneti. Mwaka 2018 kampuni hiyo ilileta Kenya njia maalum ya pikipiki. Ila kumbuka kwamba ukiwa bila intaneti hutaonyeshwa msongamano wa magari, na ramani uliyopakua lazima ifanywe upya baada ya muda.

Programu nyingine ni Organic Maps na OsmAnd. Hizi zimetengenezwa hasa kwa mtu asiye na intaneti. Ramani zake hutoka OpenStreetMap, mradi ulioanzishwa Uingereza mwaka 2004, ambapo watu wa kujitolea huchora wenyewe barabara, vijia, zahanati na visima. Mfano mzuri uko papa hapa kwetu. Kabla ya mwaka 2009 mtaa wa Kibera ulikuwa kama pengo kwenye ramani, ingawa maelfu kwa maelfu ya watu waliishi humo. Mwaka huo vijana wa mtaani wakafundishwa kutumia vifaa vya GPS, wakatembea kila kichochoro na kuchora ramani yao. Mradi huo uliitwa Map Kibera. Kwa mwendeshaji, vichochoro ndivyo barabara kuu. Ushauri wangu ni uweke Google Maps na moja ya hizi nyingine, ili inapokwama moja, nyingine ikutoe.

Nambari za mahali, na ile alama ya kutoa

Kila mahali duniani pana nambari mbili: latitudo na longitudo, kama tunavyosoma katika Jiografia. Katikati ya jiji la Nairobi ni kama -1.286, 36.817. Digrii moja ya latitudo ni kilomita 111 hivi, kwa hivyo tarakimu nne baada ya nukta hukufikisha karibu mita 11, yaani langoni. Ukiandika tarakimu mbili tu, hatua moja ni zaidi ya kilomita.

Tena, angalieni ile alama ya kutoa. Ikweta imeikata nchi yetu katikati, inapita Maseno na Nanyuki. Walio kusini mwake wana alama ya kutoa, walio kaskazini hawana. Ukiisahau alama hiyo kwenye nambari za Nairobi, ramani itakutuma kaskazini mwa Maralal, kaunti ya Samburu, zaidi ya kilomita 280 kutoka hapo! Mkenya ni mtu ambaye kistari kidogo kama hicho chaweza kumpoteza bila kumtoa nchini mwake.

Faida ya nambari hizi ni kwamba zaweza kusomwa kwa simu ya kawaida, hata mulika mwizi. Mwendeshaji akifika nyumba fulani mchana, na ahifadhi mahali hapo kwenye ramani: zahanati, nyumba ya mkunga, kwa nyanya mgonjwa, kwa mama anayekaribia kujifungua. Siku ikifika usiku wa manane hataulizia duka la kijani.

Kuifunga na kuichaji

Usiweke simu kwenye kishikio cha plastiki kinachotegemea mpira mmoja. Tafuta chenye kushika pembe zote nne, na katikati uweke kipande cha mpira laini cha kupunguza mtetemo. Vishikio hivi huuzwa shilingi mia chache kwa wauza vipuri. Mvua ikinyesha, matone hugusa kioo kama vidole na ramani huanza kujisogeza yenyewe, kwa hivyo mfuko wa plastiki usiopenyeza maji ni lazima. Jua kali nalo huchemsha simu hadi ikajizima. Ukisimama, itoe uiweke kivulini.

Kuhusu moto wa kuchaji, betri ya pikipiki ni ya volti 12, lakini simu hutaka volti 5. Usiunganishe waya moja kwa moja, utaiunguza. Mwambie fundi akuwekee chaja ya USB ya pikipiki, yenye fyuzi karibu na betri, na ipitie kwenye swichi ya ufunguo ili injini ikizimwa nayo izime. La sivyo asubuhi utaikuta betri imelala. Asiyetaka kuguswa nyaya zake na anunue pawabanki aiweke mfukoni.

Macho barabarani

GPS haikupewa ruhusa ya kuendesha. Weka safari kabla ya kuondoka, washa sauti, halafu sikiliza. Ukivaa spika ya sikio, iwe moja tu na kwa sauti ya chini, ili usikie honi ya lori lililo nyuma yako. Ukitaka kubadilisha njia, simama kando. Abiria amekukabidhi maisha yake, hakuikabidhi ramani.

Tena ramani haijui kila kitu. Kati ya majengo marefu ya mjini mawimbi hudunda ukutani na alama huruka mtaa wa pili. Mvua kubwa za Machi hadi Mei 2024 zilikata barabara na madaraja mengi, lakini ramani uliyopakua mwezi uliotangulia ingekuonyesha daraja likiwa zima. Basi ukiona wenyeji wamesimama kando ya mto, waamkie uwaulize. Kuuliza si ujinga.

Hitimisho

Kwa muhtasari, mwendeshaji mwenye simu kuukuu isiyo na laini, ramani iliyopakuliwa, kishikio imara, mfuko wa mvua na chaja yenye fyuzi, ana karibu yote anayohitaji. Ombi langu kwa wenzangu wa kutwa ni hili: wengi wetu tuna kaka, baba, mjomba au jirani anayeendesha bodaboda. Sisi tunajua kupakua ramani, wao wanajua njia. Tuketi nao Jumamosi moja, tuwawekee ramani, nao watuonyeshe vijia vya kijijini vilivyokosekana humo tuviongeze. Huenda kijia hicho kikamfikisha mtu hospitalini usiku mmoja. Kidole kimoja hakivunji chawa.