Programu Fupi na Mpangilio wa Maktaba ya Muziki

Zamani mpenzi wa muziki alihifadhi santuri zake kabatini, na jina la kila wimbo lilisomeka kwenye karatasi ya duara iliyobandikwa katikati ya santuri. Siku hizi maelfu ya nyimbo hukaa ndani ya kompyuta moja, nyingi zikiwa na majina yasiyo na maana kama “Wimbo 07”. Kuzipanga kwa mkono ni kazi ya miezi. Programu fupi ya mistari ishirini au thelathini, iitwayo skripti, huweza kuifanya kazi hiyo kwa dakika chache. Lakini pia huweza kufuta nyimbo kwa kasi hiyohiyo.

Lebo iliyofichika

Mwaka 1996 ulibuniwa utaratibu uitwao ID3 wa kuandika habari za wimbo ndani ya faili la MP3. Lebo ya kwanza ilikuwa na baiti 128, nazo ziliwekwa mwishoni mwa faili: 3 za herufi TAG, 30 za jina la wimbo, 30 za mwimbaji, 30 za albamu, 4 za mwaka, 30 za maelezo, na 1 ya aina ya muziki. Wimbo wa dakika nne, uliorekodiwa kwa kilobiti 128 kwa sekunde, una baiti 3,840,000. Kwa hiyo lebo yake ni sehemu moja tu kati ya 30,000.

Nafasi hiyo ilikuwa finyu. “Mbaraka Mwinshehe na Super Volcano” ni herufi 34 pamoja na nafasi zake, hivyo jina hilo lilikatwa likawa “Mbaraka Mwinshehe na Super Vol”. Mwaka 1998 ilitolewa ID3v2, ambayo huwekwa mwanzoni mwa faili na huweza kubeba maneno mengi zaidi.

Kazi ya skripti

Skripti hufungua kila faili, husoma lebo, huunda folda kwa jina la mwimbaji, kisha hulihamishia faili humo. Hata hivyo, kompyuta haifahamu maana. Kwake, “Morogoro Jazz” na “Morogoro Jazz Band” ni bendi mbili. Hapana budi mtu aandike orodha ya majina yanayolingana, na skripti iifuate.

Vivyo hivyo katika namba. Programu inayolinganisha majina herufi kwa herufi huyapanga hivi: 1, 10, 11, 2. Dawa yake ni kuandika 01, 02 na kuendelea.

Ili kutambua nakala zilizorudiwa, skripti hukokotoa alama ya faili kwa kanuni kama SHA-256. Mafaili yanayofanana kila biti hutoa alama moja. Lakini herufi moja ikibadilishwa katika lebo, alama yote hubadilika ingawa muziki ni uleule. Kwa sababu hiyo skripti iliyotungwa vizuri huiruka lebo na kupima sehemu ya sauti peke yake.

Hatari na kinga yake

Chukulia kwamba bendi moja ilirekodi wimbo mmoja mara mbili. Skripti inayotunga jina la faili kutokana na bendi na wimbo itayapa mafaili yote mawili jina moja. Katika mifumo ya jamii ya Unix, amri ya kuhamisha faili, mv, kwa kawaida huweka faili jipya mahali pa lile la zamani bila kuuliza. Kama lililopotea lilitoka katika utepe uliokwisha kuharibika, haliwezi kupatikana tena.

Kinga ni tatu. Kwanza, nakala ya akiba iwekwe katika chombo kingine. Pili, skripti ianze kwa kuonyesha tu mabadiliko inayokusudia kuyafanya, nayo yasomwe na mtu. Tatu, ikikuta jina limekwisha kutumika, isimame.

Jaribio la darasani

Shule isiyo na kompyuta yaweza kulijaribu jambo hili kwa kadi ishirini zenye majina ya nyimbo. Mwanafunzi mmoja aandike kanuni za kuzipanga, na mwingine azifuate neno kwa neno bila kutumia busara yake. Kadi zitakazoangukia mahali pasipostahili zitaonyesha ni kanuni ipi iliyosahauliwa.