Kengele na Kanisa la Frere Town
Avukaye daraja la Nyali, Mombasa, kuelekea Kisauni hufika Kengeleni, ambapo kengele ya Frere Town, iliyotundikwa katika jengo dogo la mawe, iliwaita watu kwenye ibada na vilevile kuwahadharisha dhidi ya wateka watumwa. Mtaa wa Frere Town uliasisiwa mwaka 1875 na wamishenari wa Church Missionary Society kwa ajili ya watumwa waliokombolewa, miaka miwili baada ya Sayyid Barghash, Sultani wa Zanzibar, kuipiga marufuku biashara ile dhalimu ya watumwa. Kanisa la Emmanuel, lililo jirani, halina fahari kubwa ya kustaajabisha macho, na kwa rai yangu ndivyo inavyostahiki: waumini wake wa awali, baadhi yao wakiwa wamelelewa Nasik, Bara Hindi, walihitaji jamaa kabla ya taadhima ya majengo. Chuo cha makasisi kilichoanzia hapo kilihamia Limuru mwaka 1930.