Goma si vita na volkeno tu: watoto wake wanaojulikana duniani

Uliza mgeni anajua nini kuhusu Goma. Atakutajia Nyiragongo, kisha vita. Ukimuuliza jina la mtu, mara nyingi atataja mkuu wa kundi lenye silaha. Lakini mji huu wa Kivu Kaskazini una watoto wengine ambao majina yao yamefika mbali, na hawakuwa na bunduki.

Wa kwanza ni Floribert Bwana Chui, aliyezaliwa Goma tarehe 13 Juni 1981. Alisomea sheria, akapata kazi katika OCC, ofisi ya serikali inayokagua ubora wa bidhaa, hapa mpakani na Rwanda. Baada ya kazi, pamoja na wenzake wa jumuiya ya Sant'Egidio, alikuwa anahudumia maibobo, watoto wa barabarani wanaopitwa na wengi bila kutazamwa.

Kila mtu wa Goma anajua kinachopita kwenye barrière na jinsi kinavyopita. Mwaka 2007 Floribert aliletewa pesa ili aruhusu chakula kilichoharibika kiingie sokoni. Akakataa. Alijua kwamba chakula kile kingeliwa na raia. Mwanzoni mwa Julai alitekwa nyara, akateswa na kuuawa. Alikuwa na miaka 26.

Februari 2023, Papa Fransisko alimtaja mbele ya maelfu ya vijana huko Kinshasa kama mfano wa kukataa rushwa. Tarehe 15 Juni 2025, Kanisa Katoliki lilimtangaza Mwenye Heri. Misa ilifanyika Roma. Mji wake wa kuzaliwa ulikuwa mikononi mwa AFC/M23 tangu mwisho wa Januari mwaka huo.

Miaka mitano baada ya kifo chake, mwaka 2012, vijana wa Goma walianzisha LUCHA. Kati ya madai yao ya mapema kulikuwa na maji safi, katika mji unaokaa kando ya Ziwa Kivu huku wanawake na watoto wakihangaika na mabidoni. Luc Nkulula alikuwa mmoja wa sauti zilizosikika zaidi. Alikufa nyumba yake ilipoungua moto usiku wa kuamkia tarehe 10 Juni 2018, na wenzake wakadai uchunguzi huru.

Rebecca Kabugho wa Goma, aliyezaliwa mwaka 1994, alikamatwa pamoja na wenzake watano Februari 2016, walipokuwa wanatayarisha siku ya "ville morte" ili kudai uchaguzi ufanyike kwa wakati. Alikaa gerezani miezi kadhaa. Mwaka 2017, Marekani ilimpa tuzo ya kimataifa ya wanawake jasiri.

Wengine walijulikana kwa sanaa. Innocent Balume, ambaye wengi wanamwita Innoss'B, alizaliwa Goma mwaka 1997. Mwaka 2010, akiwa na miaka 13, alishinda shindano la Vodacom Superstar, na nchi nzima ikamjua. Mwaka 2019 wimbo wake Yope, aliourudia pamoja na Diamond Platnumz wa Tanzania, ulichezwa Afrika nzima. Naye Petna Ndaliko, mtengenezaji wa filamu, alifungua Yolé!Africa mjini. Hapo vijana wamejifunza kushika kamera na kuelezea mji wao wenyewe, bila kungoja mwandishi wa kutoka ng'ambo.

Ukiwaangalia wote, hakuna aliyeanza na cheo kikubwa. Mmoja alikuwa mfanyakazi wa mpakani, mwingine mwanafunzi, mwingine mtoto mwenye kipaji cha kuimba na kucheza. Kilichowapa jina ni mambo ambayo mkaaji wa Goma anakutana nayo kila siku: chakula cha sokoni, maji, kura, muziki wa mtaani.

Hilo lina uzito leo. Mtoto anayekua Birere, Katoyi au Majengo anaona kwamba mwenye silaha ndiye anayeogopwa, na anaweza kufikiri kuwa kuogopwa ndiko kuwa mtu mkubwa. Wazazi na walimu wana majina mengine ya kumtajia. Waanze na lile la kijana wa OCC aliyekataa pesa ili majirani zake wasile sumu.