Saruji na Vichanganyo Vyake

Neno saruji, litumiwalo siku hizi kwa unga wa kijivu utokao viwandani, asili yake ni Kiajemi, na maana yake ya kale si hii tuijuayo. Huko Uajemi lilikuwa jina la chokaa iliyochanganywa na udongo na majivu. Katika Omani lilishika udongo uliochomwa kwa magogo ya mitende, ukasagwa, ukatumiwa kuzuia maji yasivuje katika mifereji iitwayo aflaji. Basi fundi wa Kinondoni aulizaye kama yafaa kupunguza saruji na kutia majivu mahali pake, aulizia jambo lililomo ndani ya neno lenyewe.

Saruji ya Portland, iliyopewa jina hilo Uingereza mwaka 1824, na ambayo kiwanda cha Wazo kilianza kuitoa mwaka 1966, ikikutana na maji huwa gundi ngumu. Lakini papo hapo huzaa chokaa isiyoongeza nguvu. Majivu ya pumba za mpunga yana silika iwezayo kuila chokaa hiyo na kuigeuza gundi nyingine. Moto wa kuchomea pumba usizidi, kwani ukizidi silika hugeuka fuwele, na majivu hayo hayana kazi ila ya mchanga. Udongo mweupe wa vilima vya Pugu nao, ukichomwa kwa joto la digrii 700 hadi 800, hufanya kazi hiyo hiyo, tena kwa upesi zaidi.

Majivu huila chokaa polepole. Kwa kawaida tofali lenye majivu huwa dhaifu siku ya 7. Siku ya 28, ambayo ndiyo ya kupimia, hulikaribia lile la saruji tupu. Na kufika siku ya 90 laweza kulipita, maadamu sehemu iliyoondolewa haikuwa kubwa na tofali halikunyimwa maji.

Hapo ndipo penye hatari. Matofali mengi kando ya njia za Temeke huuzwa yakiwa na siku chache tu, tena yameachwa juani. Nadhani lugha nayo ina sehemu yake katika kosa hili. Twasema zege "limekauka" tukikusudia kuwa limeshika, hali saruji haishiki kwa kukauka bali kwa kunywa maji. Na tofali lililokauka mapema, majivu yaliyomo hayatapata tena nafasi ya kuila chokaa.