Mwindaji, Shaba na Mwenye Nchi

Wachoraji wa Scotland walioishi kwa picha za uwindaji na uvuvi walitegemea shaba. Mchoraji alichukua bamba la shaba lililosuguliwa hadi likang'aa, akalipaka nta, akachora kwa sindano juu ya nta ile, kisha akalitumbukiza katika tindikali. Palipopita sindano, tindikali ilikula shaba. Palipobaki nta, bamba lilisalimika. Wino ulijazwa katika mifereji hiyo myembamba, karatasi yenye unyevu ikakandamizwa juu yake kwa mashine, na ayala wa mlimani, kwale arukaye au samaki kwenye ncha ya mshipi akajitokeza kwa mistari myeusi mitupu. Wanunuzi wa picha hizo walikuwa hasa watu wenye uwezo wa kumiliki au kukodi milima yenye wanyama hao. Wakulima wengi wa nyanda za juu za Scotland walikuwa wameondolewa katika ardhi yao ili kupisha kondoo, na katika karne ya 19 sehemu kubwa ya ardhi hiyo ikageuzwa mbuga za watu binafsi za kuwindia ayala. Aliyetundika picha ya ayala sebuleni alikuwa anatundika pia madai yake juu ya mlima, awe amelifikiria jambo hilo au la.

Naanza na Scotland kwa sababu katika Katanga, nchi yetu ya shaba, kuanzia Lubumbashi hadi Kolwezi, ipo hazina ya picha za uwindaji na uvuvi ambayo tumeizoea kuitazama kama pambo: swala na mishale, ndege na nyoka, samaki katikati ya majani ya mtoni. Wazungu walizinunua, watoto wetu wakaziona zimenakiliwa kwenye kadi, na wengi wakahitimisha kwamba ni picha za Afrika ya zamani isiyo na tarehe. Hoja yangu ni kinyume cha hapo. Picha hizi zina tarehe, na tarehe zake ni zile ambazo mamlaka juu ya mnyama, mto na msitu wa Katanga yalikuwa yakihamishwa kutoka kwa wenyeji kwenda kwa serikali na kampuni. Zinauliza swali lilelile la picha za Scotland, swali la nani mwenye nchi, ila zinaliuliza kutoka upande wa waliopokonywa.

Chimbuko lake linajulikana. Mwaka 1946 Pierre Romain-Desfossés, Mfaransa aliyewahi kuwa ofisa wa jeshi la majini, alifungua karakana ya uchoraji mjini Elisabethville, ambao leo ndio Lubumbashi. Ikaitwa Le Hangar. Watatu kati ya waliochora humo ndio waliobaki na majina makubwa. Bela alizaliwa katika nchi ya Wasara, huko Chad ya leo, na alikuwa mtumishi wa Desfossés kabla ya kuwa mchoraji; alichora kwa vidole, akigusagusa karatasi hadi kundi zima la watu na wanyama likajengeka kwa alama za ncha za vidole. Pilipili Mulongoy alijaza nafasi nyuma ya ndege na samaki wake kwa vitone na vistari vidogo visivyohesabika, kiasi kwamba maji yenyewe yanaonekana kupumua. Mwenze Kibwanga, aliyezaliwa mwaka 1925, alijenga kila kiwiliwili kwa mistari mifupi sambamba ya rangi za udongo, kahawia na manjano iliyofifia. Ukisogea karibu na mwindaji wa Mwenze unaona mistari tu, na ukirudi nyuma misuli inakaza upinde.

Mistari hiyo ya Mwenze ndiyo inayomfanya awe jirani wa wachonga-shaba wa Scotland, ingawa yeye alishika brashi. Mchoraji wa bamba hana rangi ya kumsaidia. Giza na mwanga, uzito na mwendo, vyote anavipata kwa kusogeza mistari karibu au mbali. Mwenze alikuwa na rangi na bado akachagua nidhamu hiyo. Huwa inaelezwa kwamba ni kwa sababu baba yake alikuwa mfumaji, na inawezekana mkono wa mwana ulijifunza kwa jicho lililotazama nyuzi. Mimi natia uzito zaidi kwenye matokeo: mwindaji na mnyama wamejengwa kwa mistari ya aina moja, kwa kipimo kimoja, na hakuna kati yao aliyefanywa kuwa mandhari ya mwenzake. Katika picha ya Kiskoti ya ayala aliyeuawa, mnyama ni tuzo. Katika picha ya Mwenze ni mshindani ambaye hukumu yake haijatolewa.

Heshima hiyo ina historia katika nchi hizi, tena historia ya dola. Waluba wanasimulia kwamba Mbidi Kiluwe, mwindaji aliyetoka mashariki, ndiye aliyemzaa Kalala Ilunga, aliyemshinda mfalme Nkongolo na kuasisi ufalme wenye adabu. Kwa Walunda, ambao makao makuu ya mfalme wao, Mwant Yav, yako Musumba, ndani ya mkoa wa leo wa Lualaba, mwasisi ni Chibinda Ilunga, mwindaji tena, aliyemwoa malkia Ruwej. Wachongaji wa Kichokwe wamemchonga akiwa na zana zake za kuwindia hadi sanamu zake zikawa miongoni mwa kazi mashuhuri za Afrika ya kati. M'siri naye, aliyetoka Unyamwezi na kujenga dola ya Wayeke kule Bunkeya, aliinuka kwa biashara ya pembe za ndovu na shaba kwa pamoja. Katika falme hizi kumuua mnyama mkubwa kulikuwa jambo la sheria. Kulikuwa na sehemu ya mwindaji, sehemu ya ukoo na sehemu ya mkuu wa nchi, na kupeleka sehemu hiyo ya mkuu kulikuwa kukiri kwamba nchi ina mwenyewe. Kwa hiyo Mluba aliyechora mwindaji mwaka 1950 alikuwa anachora cheo cha kisiasa, sawasawa na mchoraji anayechora mfalme juu ya farasi.

Sasa tuziweke tarehe pamoja. Mwaka 1937 serikali ya Kongo ya Kibelgiji ilitoa amri kuu ya uwindaji na uvuvi, iliyoweka haki ya mnyama mikononi mwa dola na vibali vyake. Mwaka huohuo wa 1937 ndio unaotajwa kuwa mwanzo wa mji wa Kolwezi, kituo cha machimbo ya magharibi ya Union Minière, kampuni ya shaba ya Katanga. Mwaka 1939 ikatangazwa hifadhi ya taifa ya Upemba, zaidi ya hekta milioni moja katika nchi ya Waluba na majirani zao, na watu waliozoea kuwinda humo wakajikuta wahalifu bila kubadili mwenendo wao. Kuanzia 1946 hadi 1949 msafara wa kisayansi wa Gaston-François de Witte ulizunguka Upemba ukikusanya nyoka, vyura, ndege na samaki kwa maelfu kwa ajili ya makabati ya Ubelgiji. Ni miaka ileile ambayo Pilipili, katika karakana ya Elisabethville, alikuwa akijaza karatasi kwa nyoka, ndege na samaki. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 likajengwa bwawa la Nzilo juu ya mto Lualaba, karibu na Kolwezi, na mwaka 1956 likafuata la Nseke, yote mawili kwa umeme wa migodi. Mto wa wavuvi ukawa mashine ya kampuni.

Tena samaki mwenyewe alikuwa amekwisha kuingia kambini. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1920 Union Minière ilianza kuwaweka wafanyakazi na wake zao katika makambi na kuwagawia posho, na samaki waliokaushwa wa Luapula, wa ziwa Mweru na wa maziwa ya Lualaba walisafirishwa kwenda kulisha watu wa migodi. Aliyeishi Elisabethville akimchora samaki katika maji yake hakuwa akiota nchi asiyoijua. Alikuwa anamrudisha mtoni kiumbe ambaye mjini alifika amekauka, ndani ya gunia, kwa mizani ya kampuni. Hapo naona ukali wa kazi ya Pilipili ambao utulivu wa rangi zake unauficha.

Pingamizi la kwanza, na ndilo zito, ni kwamba Desfossés ndiye aliyeagiza yote haya. Ni kweli aliwazuia wanafunzi wake wasiige sanaa ya Ulaya, akawahimiza watazame maumbile, na alikuwa na imani ya kimapenzi kuhusu Mwafrika safi ambaye ustaarabu haujamgusa. Bomba la moshi la kiwanda, lililotawala anga ya Elisabethville, karibu halionekani kabisa katika kazi za karakana yake, na hilo si jambo la bahati. Nakubali kwamba alifunga mlango mmoja. Lakini aliyeagiza angepata mtindo mmoja, na yeye alipata vidole vya Bela, vitone vya Pilipili na mistari ya Mwenze, mikono mitatu isiyoweza kuchanganywa hata na mtazamaji wa siku moja. Alipofariki mwaka 1954, Pilipili na Mwenze waliendelea katika chuo cha sanaa alichokianzisha Laurent Moonens mwaka 1951 mjini humo, wakafundisha, na mikono yao haikubadilika. Agizo la mtu hufa pamoja naye. Lililobaki lilikuwa la wachoraji wenyewe. Na Bela, Msara aliyechora uwindaji akiwa Katanga, anatosha kuvunja dhana kwamba picha hizi ni kumbukumbu ya kabila iliyotiririka yenyewe bila akili ya mtu.

Pingamizi la pili linatoka kwa watu wanaoipenda historia yetu. Wanasema: ukitaka ushahidi wa shaba, mtazame Tshibumba Kanda Matulu. Alizaliwa Elisabethville mwaka 1947, na katikati ya miaka ya 1970 alimchorea mwanaanthropolojia Johannes Fabian mfululizo wa picha takriban mia moja za historia ya nchi, akizisimulia kwa Kiswahili cha Katanga. Humo wamo M'siri, Lumumba, na wafanyakazi wa Union Minière waliopigwa risasi baada ya kugoma Desemba 1941. Mbele ya picha kama hiyo, samaki wa Pilipili ana nini cha kusema? Nampa Tshibumba haki yake yote. Alikuwa mwanahistoria kwa kila maana, na kutoweka kwake mwanzoni mwa miaka ya 1980 ni hasara ambayo hatujailipa. Hata hivyo tusimpe mtu mmoja kazi ya wote. Tshibumba alichora lile ambalo utawala ulitenda kwa watu. Karakana ilichora lile ambalo utawala ulichukua, na kuondolewa kwa haki ya uvuvi au uwindaji hakuna siku ya risasi wala jina la gavana la kuandika chini ya picha. Kunatendeka kwa amri kwenye karatasi, kwa mpaka kwenye ramani, kwa ukuta wa zege mtoni. Kitu kama hicho kinachorwaje? Njia mojawapo ni kukichora kilichochukuliwa kikiwa kizima na chenye hadhi, kabla hakijatoweka machoni.

Wapo pia wanaozikataa picha hizi kwa kuwa zilitengenezwa kwa soko la Wazungu. Jibu langu ni fupi. Michoro ya Kiskoti nayo ilikuwa bidhaa, iliyochapwa kwa nakala za idadi maalumu na kupandishwa bei na walanguzi. James McBey, karani wa benki kutoka Aberdeenshire aliyejifundisha mwenyewe sanaa ya bamba la shaba, alitajirika kutokana na soko hilo kabla ya anguko la uchumi la 1929 kulivunja. Anguko hilohilo liliishusha bei ya shaba na kuwafukuza kazi maelfu ya watu wa Union Minière. Hakuna anayesema McBey si msanii kwa kuwa aliuza. Kinachoniumiza ni matokeo mengine ya soko lile, yaani kwamba kazi bora za Mwenze na Pilipili ziko mbali nasi. Mwaka 2015, Fondation Cartier mjini Paris ilipoandaa maonyesho makubwa ya sanaa ya Kongo yaliyoitwa Beauté Congo, kazi za Le Hangar zilipewa nafasi ya heshima. Kijana wa Kolwezi aliyetaka kuziona alihitaji viza.

Mwaka huohuo wa 2015 Katanga ilivunjwa na mkoa wa Lualaba ukazaliwa, Kolwezi ikiwa makao yake makuu. Mkoa huu unachimba shaba na kobalti ambazo dunia inazigombania, na swali la mwindaji limerudi kwa sura nyingine: wachimbaji wadogo wanafukuzwa katika maeneo yenye vibali vya kampuni, na wanakijiji wanaona mito yao ikibadilika rangi. Ndiyo maana naona ni kosa kuzitundika picha za karakana ile, au hata nakala zake, kama mapambo ya hoteli na ofisi. Zitundikwe pamoja na amri ya 1937, ramani ya Upemba ya 1939 na picha ya ujenzi wa Nzilo, na maelezo ya kila picha yataje mwaka wake kabla ya kutaja uzuri wake. Ukuta mmoja wa shule ya Kolwezi unatosha kuanzia. Wazee wa Kisanga, Kilunda, Kiluba na Kiyeke waalikwe wawaeleze wanafunzi ni sehemu gani ya mnyama ilikuwa ya mwindaji, ipi ilikuwa ya mkuu wa nchi, na ni lini mara ya mwisho ilipopelekwa.