Shahada ya Tiba ya Viungo: Tupige Hesabu Kwanza

Mahindi yamevunwa na magunia yamepangwa ukutani. Binti amemaliza kidato cha sita akiwa na masomo ya fizikia, kemia na baiolojia, na sasa anataka kusomea shahada ya fiziotherapia, yaani tiba ya viungo. Baba anauliza, "Mama, tukiuza zile ekari mbili, mtoto huyu atazirudisha?" Mama anakosa jibu.

Mama msomaji, swali hilo linasikika katika nyumba nyingi hapa Songea. Si swali la ubahili. Shamba likishauzwa halirudi, na nyuma ya binti huyo kuna wadogo zake nao wanasubiri ada.

Kazi yenyewe ni ipi?

Mtaalamu wa viungo humsaidia aliyepatwa na kiharusi kushika tena kijiko, aliyevunjika mguu kwa ajali ya bodaboda kutembea, na mtoto mwenye mtindio wa ubongo kujifunza kukaa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu bilioni 2.4 duniani wana hali ambazo zingepata nafuu kwa huduma za namna hii. Kwa hiyo wagonjwa hawatakosekana. Lakini wingi wa wagonjwa si sawa na wingi wa ajira. Hapo ndipo wazazi wengi hukosea.

Gharama

Shahada hii hufundishwa katika chuo kikuu kilichopo KCMC, Moshi, hospitali iliyofunguliwa mwaka 1971, na pia Muhimbili, Dar es Salaam. Kote ni mbali na Songea. Usihesabu ada peke yake. Andika chumba, chakula, vitabu, sare, bima ya afya, na nauli ya basi kwenda na kurudi kila likizo. Masomo ni miaka minne, kisha mwaka mmoja wa mazoezi ya kazi hospitalini, ambapo hupewa posho tu.

Bodi ya Mikopo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004, inaweza kubeba sehemu ya mzigo. Mkopo si zawadi. Aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi kila mwezi mpaka deni liishe. Ahueni ipo: tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo, iliyokuwa ikivimbisha madeni, ilifutwa mwaka 2021.

Mapato

Sasa tuchukue mfano. Tarakimu hizi ni za kujifunzia hesabu tu, weka zako. Tuseme mwenye stashahada analipwa shilingi 600,000 kwa mwezi, na mwenye shahada 900,000. Stashahada ni miaka mitatu. Mwenye shahada huanza kazi miaka miwili baadaye, na kwa muda huo mwenzake amekwisha kupokea shilingi 14,400,000.

Tofauti ya 300,000 kwa mwezi ingefidia pengo hilo kwa miaka minne. Lakini ikiwa mwenye shahada alisoma kwa mkopo, asilimia 15 ya 900,000 ni 135,000. Faida inayobaki mkononi ni 165,000 tu. Kama deni ni shilingi milioni 12, makato yataendelea kwa zaidi ya miaka saba. Ikiwa atakaa nyumbani mwaka mzima akingoja ajira, ongeza mwaka huo katika hasara.

Je, basi shahada haifai? La. Faida yake huonekana baadaye: kupanda cheo, kufundisha chuoni, kusimamia idara, kusoma zaidi. Ni kama mti wa kahawa, hauvunwi mwaka uleule uliopandwa.

Njia ya katikati

Binti anaweza kuanza na stashahada, ambayo hata aliyefaulu vizuri masomo ya sayansi kidato cha nne huweza kuiomba. Akipata kazi na alama zake zikiwa nzuri, atajiendeleza hadi shahada akiwa na mshahara wake. Tangu mwaka wa masomo 2023/2024, mikopo imefunguliwa pia kwa baadhi ya kozi za stashahada, za afya zikiwemo.

Kabla ya kuuza chochote, mama, fanya haya. Nenda na binti hospitali ya rufaa ya mkoa hapa mjini, au Peramiho, muombe kuzungumza na watu wa idara hiyo: wako wangapi, na wa mwisho aliajiriwa lini? Hakikisha chuo na kozi vinatambuliwa na serikali. Omba mkopo mapema, cheti cha kuzaliwa kikiwa tayari. Kisha kaeni wote watatu na daftari moja, kwa maana mali bila daftari huisha bila habari.

Na kama kitu lazima kiuzwe, viuzwe vile vinavyorudi: mahindi, kuku, nguruwe. Ardhi iwe ya mwisho kabisa.

Jambo moja zaidi. Usikubali neno kwamba binti ataolewa tu, fedha zitapotea. Mume akiugua kesho, ni mshahara wa binti huyo utakaolisha wajukuu zako, na huenda ni mikono yake itakayomsimamisha babu yao. Mpigie hesabu kwa haki ileile ambayo ungempigia kaka yake.